BAISKELI YA BABU NA BAISKELI YA GIA
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, ukitaka kuwagawanya wanafunzi wa shule yetu ya kutwa katika makundi mawili, usiwaulize habari ya mpira wala siasa. Waulize swali moja tu: Black Mamba au baiskeli ya gia? Hapo utasikia kelele mpaka mwalimu wa zamu aje na kiboko cha maneno. Kundi moja litasema baiskeli ya gia ndiyo baiskeli, na hiyo nyingine ni mzigo wa wazee. Kundi la pili litajibu kwamba baiskeli ya gia ni urembo mtupu, haiwezi kubeba hata gunia moja la mahindi.

Mimi nimeitamani baiskeli ya gia tangu nilipokuwa shule ya msingi. Najua rangi yake, nyekundu. Najua hata duka la mitumba mjini Eldoret ambako mwenzake ilikuwa ikining'inia darini kwa kamba, gurudumu likizunguka polepole kila upepo unapovuma. Lakini nyumbani kwetu hapa Ziwa kuna Black Mamba ya babu, na mwaka huu ilinusurika kidogo tu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alifika bomani na mizani yake, akaipima, akasema ni kilo 19. Pesa aliyotaja haingetosha kununua hata tairi mbili mpya. Baba mdogo alisema, "Si iende tu, inakaa bure." Babu hakusema neno. Basi mjadala ukaanza, na mimi nikaona afadhali nichunguze kwanza baiskeli hizi mbili zilitoka wapi na kila moja inafaa kwa kazi gani. Haya ndiyo niliyoyapata.

BLACK MAMBA NI NINI?

Black Mamba si jina la kampuni. Ni jina ambalo watu wa Kenya waliipa baiskeli yoyote nyeusi, ndefu, ya chuma kizito, yenye magurudumu ya inchi 28. Umbo lake lilitoka Uingereza. Kampuni ya Raleigh ya mji wa Nottingham, iliyoanza katika miaka ya 1880, ni mojawapo ya zile zilizoisambaza duniani kote. Baadaye Wahindi na Wachina walianza kutengeneza za aina hiyo hiyo kwa bei nafuu. Ndiyo sababu ukitazama kibandiko cha mbele utakuta jina Hero, ambayo hutoka mji wa Ludhiana nchini India, au Phoenix na Forever, ambazo asili yake ni Shanghai nchini Uchina. Hero ilitengeneza baiskeli nyingi mno hata mwaka 1986 ikaandikwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote duniani.

Baiskeli hii ina gia moja tu. Breki zake hazitumii waya bali vyuma vyembamba vinavyotoka kwenye usukani hadi kwenye magurudumu. Ina keria pana nyuma, madgadi za kuzuia matope, na stendi imara inayoweza kuisimamisha hata ikiwa na mzigo. Kila kitu kimeungwa kwa nati na bolti. Fundi akiwa na spana mbili, bisibisi na nyundo, anaweza kuifungua yote chini ya mti na kuifunga tena kabla jua halijatua.

Babu aliinunua yake mwaka 1986 baada ya kuuza mahindi. Kila alfajiri aliifunga mitungi miwili ya maziwa, mmoja kila upande wa keria, akaisukuma mpaka barabarani ambako lori la kukusanya maziwa lilipita. Nasema aliisukuma kwa sababu wakati wa masika barabara ya kwetu ilikuwa matope matupu, na kupanda juu yake ilikuwa sawa na kumwaga maziwa kwa hiari. Jioni ilikwenda kinuni na debe za mahindi. Bibi alipougua usiku, alifikishwa zahanati akiwa ameketi juu ya keria hiyo hiyo, ikiwa imetandikwa blanketi.

Isitoshe, baiskeli za aina hii ndizo zilizoipa Afrika Mashariki neno lililoenea sasa kila mahali. Katika miaka ya 1960, pale Busia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, vijana walianza kuwabeba wasafiri kwa baiskeli kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine. Walikuwa wakiita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, na ulimi wa watu ukaligeuza kuwa "boda boda". Kwa hiyo boda boda ya kwanza haikuwa na injini. Ilikuwa na pedali.

BAISKELI YA GIA ILIZALIWAJE?

Hapa ndipo niliposhangaa. Nilidhani baiskeli ya milima ilibuniwa na wataalamu waliovaa makoti meupe katika kiwanda kikubwa. Kumbe sivyo! Ilizaliwa na vijana waliopenda baiskeli kuukuu.

Katika miaka ya 1970, huko jimbo la California nchini Marekani, katika eneo la Marin, vijana fulani walikuwa wakinunua baiskeli nzee za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940. Zilikuwa nzito, zina tairi nene, na gia moja. Watu wengine walikuwa wamezitupa. Vijana hawa walizipandisha kwenye vilima karibu na Mlima Tamalpais, wakateremka nazo mbio kwenye barabara za vumbi. Tarehe 21 Oktoba 1976 walianza mashindano yao yaliyojulikana kwa jina la Repack. Jina hilo lina kisa. Baiskeli zile zilikuwa na breki iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ile ya kukanyaga pedali kinyume. Mteremko ulikuwa mkali hata breki ikachemka, grisi ikayeyuka na kutoka moshi. Ukifika chini ilibidi ufungue kitovu upake grisi upya, na hiyo ndiyo maana ya jina lenyewe.

Baada ya kuzivunja baiskeli nyingi, waliona heri watengeneze zao. Mwaka 1977 Joe Breeze alianza kuunda fremu mpya maalumu kwa kazi hiyo. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walifungua biashara ya kuuza baiskeli zenye fremu zilizoundwa na Tom Ritchey. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilitoa Stumpjumper, ambayo ilitengenezwa kwa wingi, na tangu hapo moto ukawaka. Mwaka 1996, katika Olimpiki ya Atlanta, mashindano ya baiskeli za milima yakaingizwa kwa mara ya kwanza.

Umeona, ndugu msomaji? Baiskeli ninayoitamani ni mjukuu wa baiskeli nzito ya gia moja, iliyopita kwenye vumbi na mawe. Yaani ni mjukuu wa binamu yake Black Mamba!

ZILIVYOTUFIKIA

Baiskeli za milima zilipochakaa kidogo huko ng'ambo, wenyewe waliziacha. Nyingine ziliingia kwenye makontena, zikashuka Mombasa, zikapanda bara pamoja na viatu na nguo za mitumba. Ndiyo maana mjini Eldoret unaweza kukuta baiskeli yenye kibandiko cha duka la Ujerumani au Uholanzi, na mwenye kuiuza hajui kusoma kibandiko hicho.

Usidhani ni mchezo wa wageni pekee. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alijifunza kuendesha baiskeli za milima akiwa mvulana kule Kikuyu, akifundishwa na Mkenya David Kinjah, mwanzilishi wa kikundi cha Safari Simbaz. Baadaye Froome, akiiwakilisha Uingereza, alishinda mashindano ya Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Katika upande wetu wa Bonde la Ufa, ambako kila mtu anafikiri sisi ni watu wa kukimbia tu, timu ya Amani imewakusanya waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda. Nahodha wake, Mkenya Suleiman Kangangi, alifariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni katika jimbo la Vermont, Marekani. Mungu amlaze pema.

GIA HUFANYA NINI HASA?

Wengi wetu husema "gia inaongeza nguvu". Si kweli. Nguvu ni ya miguu yako, na chakula ulichokula jana. Gia hubadilisha tu namna nguvu hiyo inavyotumika. Tuchukue kalamu.

Tuseme gurudumu la meno la mbele, pale penye pedali, lina meno 44, na lile la nyuma lina meno 22. Ukizungusha pedali mara moja, gurudumu la nyuma litazunguka mara mbili, kwa sababu 44 ukigawa kwa 22 unapata 2. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja husogea takriban mita 2.2. Kwa hiyo kila mzunguko wa pedali unakupeleka mita 4.4, iwe ni mlimani au tambarare. Black Mamba haina huruma. Kilima kikikaza, wewe kaza au shuka.

Sasa tazama baiskeli ya milima ya miaka ya 1990. Mbele ina magurudumu ya meno matatu, nyuma sita au saba, na ndiyo maana husemwa ina gia 18 au 21. Tuseme mnyororo uko kwenye meno 28 mbele na 28 nyuma. Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu nalo huzunguka mara moja. Gurudumu la inchi 26 husogea kama mita 2.1 tu. Umekwenda nusu ya mwendo, lakini umesukuma kwa takriban nusu ya nguvu, na kilima unakipanda ukiwa umeketi. Ukifika tambarare, unahamisha mnyororo kwenye meno 42 mbele na 14 nyuma. Hapo gurudumu linazunguka mara tatu na unakwenda zaidi ya mita 6 kwa mzunguko mmoja. Mwalimu wa Fizikia atakuambia ni ile ile mada ya mashine sahili: unachopata kwa nguvu unakilipa kwa umbali.

MGALA MUUE NA HAKI YAKE MPE

Ni haki kuzipima baiskeli hizi mbili bila upendeleo.

Kwa breki, baiskeli ya gia inashinda. Rimu zake nyingi ni za alumini, na mpira wa breki huishika alumini vizuri hata mvua ikinyesha. Rimu za Black Mamba ni za chuma kilichong'arishwa. Zikilowa, breki huteleza kama kambare. Wazee walijua hilo, ndipo wakawa wanaanza kufunga breki mapema kabla mteremko haujaanza.

Kwa matope ya Ziwa, mambo yanageuka. Kile kifaa kidogo cha nyuma kinachohamisha mnyororo hupenda usafi. Kikijaa udongo na majani, mnyororo unaruka, na siku nyingine unaingia kwenye spoki. Black Mamba haina kifaa hicho, kwa hiyo haina cha kuharibika.

Kwa mizigo, Black Mamba ni ng'ombe wa kulima. Kwa vipuri pia inashinda, kwa maana mnyororo, gololi, tairi na tyubu zake zinapatikana hata katika vijiduka vya sokoni. Baiskeli ya gia iliyotumika hutoka kila moja na vipimo vyake. Fundi wetu huniambia, "Binti yangu, hii nikipoteza kiskurubu kimoja, nitampigia simu nani, Mjerumani?"

Kwetu sisi wasichana kuna jambo la ziada ambalo wavulana hawalifikirii. Black Mamba ya kiume ina chuma cha juu kinacholala sawasawa kati ya kiti na usukani. Ukivaa sketi ya shule, kuruka chuma hicho ni mtihani kabla ya mtihani. Nilipokuwa mdogo nilijifunza kama watoto wote, kwa kupitisha mguu katikati ya fremu, chini ya kile chuma, mwili ukiwa umepinda kama upinde. Zipo baiskeli za kike ambazo chuma hicho kimeteremshwa, lakini kwetu zilinunuliwa chache, kwani mnunuzi alikuwa mwanamume. Baiskeli nyingi za milima chuma chake kinainama kuelekea nyuma. Hapo nakiri wazi: baiskeli ya gia ina adabu zaidi kwa msichana.

KWA NINI ZINAPOTEA?

Kilichoziondoa Black Mamba barabarani si baiskeli ya gia. Ni pikipiki. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na baada ya muda mfupi vituo vya boda boda vikajaa injini. Siwezi kulaumu. Mgonjwa anafika hospitali upesi, na maziwa hayachachi njiani. Lakini pikipiki hudai mafuta kila siku, na mwanafunzi hana pesa ya mafuta. Baiskeli ikabaki nyuma ya ghala ikiatamiwa na kuku, mpaka mwenye mizani akapita.

Hata hivyo, kuna waliorudi kwenye wazo la zamani. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, hutengeneza baiskeli iitwayo Buffalo, na hapa Kenya huunganishwa Kisumu. Ukiitazama utasema ni Black Mamba iliyokwenda shule. Ina fremu nzito, keria ya kubeba kilo 100, na breki ya kukanyaga kinyume, ile ile iliyotoa moshi kule California. Wanafunzi wengi wanaoishi mbali, hasa wasichana, wamepewa baiskeli hizi.

HESABU YA MWANAFUNZI WA KUTWA

Sasa nije kwenye kiini. Chukua mwanafunzi anayekaa kilomita 6 kutoka shuleni, na tuko wengi. Akitembea kilomita 5 kwa saa, atatumia dakika 72 kuja, na 72 kurudi. Akiendesha baiskeli taratibu, kilomita 12 kwa saa, atatumia dakika 30. Kila safari ameokoa dakika 42, kwa siku dakika 84, na kwa siku tano dakika 420. Hizo ni saa 7 kila wiki! Saa 7 za kusoma, au za kumsaidia mama, au za kulala tu, maana hata usingizi ni haki ya mwanafunzi. Na msichana hafiki nyumbani giza limeingia.

Hesabu hii haiulizi kama baiskeli ni nyekundu au nyeusi. Inauliza kama ipo na kama inakwenda.

Niliyaeleza haya nyumbani baada ya chakula cha jioni. Baba mdogo alisikiliza, akauliza, "Na kile kilima cha mtoni je?" Swali lilikuwa zuri. Tukaenda kwa fundi. Alihesabu meno ya nyuma, yakawa 18. Mbele ni 44. Maana yake, kila mzunguko wa pedali ulikuwa mita 5.4, na ndiyo sababu kilima kile kiliwashinda watu. Fundi akaweka gurudumu la meno 22, akarefusha mnyororo kidogo, akabadilisha mipira ya breki. Mzigo wa mguu ukapungua karibu sehemu moja kwa tano. Babu aliibonyeza tairi kwa kidole gumba, akasema maneno machache: "Mjukuu wangu, chuma hiki kilimsomesha baba yako. Kitie mafuta kila Jumamosi." Kuhusu chuma cha juu, mama alinishonea suruali ya kuvaa chini ya sketi njiani. Mwenye mizani aliporudi alipewa sufuria iliyotoboka.

MANENO YA FUNDI

Kwa kuwa gazeti hili ni la Chama cha Kiswahili, nisiondoke bila msamiati. Kwa fundi nilisikia lugha yetu ikifanya kazi. Vitabu husema "usukani", fundi husema "steringi". Vitabu husema "mnyororo", fundi husema "cheni". "Tandiko" kwake ni "kiti" tu. Tobo la tyubu ni "pancha", na gundi ya kubandikia kiraka ni "solusheni". Vile vijidude vya mviringo ndani ya kitovu ni "gololi", jina lile lile la tunazochezea. Napendekeza wanachama wakusanye maneno haya kabla mafundi hawajageuka wote kuwa wa pikipiki.

USIACHE MBACHAO

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Bado naitamani ile nyekundu ya gia, sitadanganya. Siku nikipata pesa zangu nitainunua, na nitahesabu meno yake kabla ya kulipa. Lakini wanaotupwa na kupimwa kwa kilo ndio wanaoweza kutufikisha shuleni leo. Ombi langu kwa wenzangu ni hili: kabla ya kukubali mizani, mpelekeni mzee huyo wa chuma kwa fundi mumuulize anahitaji nini. Na kwa walimu wetu wapendwa, naomba kwa heshima tujengewe kibanda cha mabati kando ya lango, chenye pampu moja na spana mbili. Baiskeli zetu zinanyeshewa chini ya mti, na tandiko likilowa, sote mnajua sketi inavyokuwa kwenye gwaride.